Tarakimu Zilizofika Tunguu

Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga Mmarekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, sauti yake ilisikika Tunguu, Unguja. Marekani ilikuwa imekubaliana na Uingereza mwaka 1960 kujenga hapo kituo cha kufuatilia vyombo vya Mradi wa Mercury. Chombo kikishapita Kano, Nigeria, kilipokewa na Tunguu kabla ya kukabidhiwa meli iliyokuwa Bahari ya Hindi.

Mjini, chama cha siasa cha ZNP kilikipinga kituo hicho vikali, kikihofia Zanzibar kugeuzwa shabaha katika ugomvi wa wakubwa. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ilikuwa enzi ya Vita Baridi. Lakini uhai wa kituo ulikuwa tarakimu. Antena zielekezwe wapi, na saa ngapi? Majibu yalikokotolewa na kompyuta mbili za IBM 7090 kwenye kituo cha anga cha Goddard, Maryland, yakaja kwa teleprinta.

Mashine hizo hazikuelewa kitu ila namba. Kujumlisha kuliandikwa 0400, kuhifadhi 0601. Nani angekariri hayo yote? Mwandishi wa programu aliandika ADD na STO, akatoboa kadi, mengine akaiachia asembla, programu ya kuyageuza maneno hayo kuwa namba. Wazo hili lilikuwa bado changa: David Wheeler wa Cambridge alilitumia kwenye kompyuta ya EDSAC mwaka 1949.

Asembla moja ya IBM 7090 iliitwa FAP. Iliipitia programu mara mbili: kwanza kuhesabu kila agizo litakaa wapi kwenye kumbukumbu, kisha kuandika namba zenyewe. Utamu wake ulikuwa hapo, maana ukichomeka agizo moja katikati, yote yanayofuata yanasogea. Bila asembla, mtu alizirekebisha anwani kwa mkono, moja baada ya nyingine. Namba zilizotoka zilikuwa bado hazijakamilika. Programu nyingine, kipakiaji, ndiyo iliyoviunganisha vipande vya programu na kuvipa mahali pa kukaa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Rais Abeid Karume ilitaka kituo kiondoke, na kikafungwa mwaka huohuo. Wamarekani wakahamia Tananarive, Madagaska.

Leo Tunguu ndiko iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Wanafunzi wa kompyuta wa chuo hicho wawatafute wazee waliokiona kituo kile, wawarekodi wangali hai.