Dawa ya tumbo iliyopoozesha miguu

Ndugu wasikilizaji, juma hili nawapeleka Japani, kwenye kisa ambacho naona kinamhusu kila anayemeza kidonge.

Katika miaka ya 1950 na 1960, watu nchini humo waliokuwa wakiugua tumbo walianza kufa ganzi miguuni. Ganzi ikapanda hadi kiunoni. Baadhi yao walipooza, wengine wakapofuka. Madaktari waliuita ugonjwa huo SMON. Kwa kuwa wagonjwa walitokea kwa mafungu, hata ndani ya nyumba moja, wengi walidhani unaambukiza. Mwanzoni mwa 1970 mtafiti mmoja alitangaza kwamba amekiona kirusi chake. Majirani wakawakimbia wagonjwa, na wapo waliojiua kwa kukata tamaa.

Siri ilifichuliwa na rangi. Baadhi ya wagonjwa walikuwa na utando wa kijani ulimini, na wengine walikojoa mkojo wa kijani. Wataalamu walipoipima rangi hiyo, walikuta ni kliokwinoli iliyoungana na madini ya chuma. Kliokwinoli ilikuwa dawa ya kuharisha, iliyouzwa tangu 1934. Daktari Tadao Tsubaki wa Chuo Kikuu cha Niigata akaonyesha kwamba wengi wa wagonjwa waliimeza kabla ya kufa ganzi. Septemba 1970 serikali ilipiga marufuku uuzaji wake, na wagonjwa wapya wakawa karibu hawaonekani tena. Lakini watu wapatao 10,000 walikuwa wamekwisha kuumia.

Linaloniuma zaidi ni hili: dawa hiyo yenyewe ilileta maumivu ya tumbo. Mgonjwa alipolalamika, aliongezewa dawa ile ile!

Mwaka 1978 mahakama ya Tokyo iliamua kwamba kampuni za dawa pamoja na serikali ziwalipe fidia waathirika. Hata hivyo, kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi iliendelea kuiuza katika nchi nyingine, na ilikomesha biashara hiyo duniani mwaka 1985, miaka 15 baada ya Japani kuikataza.

Sisemi tuziogope dawa, zimeokoa wengi. Nasema mgonjwa akimwambia daktari, "Tangu nianze vidonge hivi miguu inakufa ganzi," asikilizwe kabla ya kuongezewa dozi. Nasi tulijue jina la kila dawa tunayomeza, ili tuweze kuitaja siku mwili utakapolalamika.

Hadi juma lijalo, kwaherini.