Mumiani: Asili ya Hofu ya Utoto Wetu

Ni nani katika sisi, ndugu wasomaji, aliyelelewa katika nchi hizi za Afrika ya Mashariki asiyelijua jina la mumiani? Tulilisikia kabla hatujajua kusoma. Jua likitua nasi tungali tunacheza njiani, bibi zetu walituita wakisema, "Rudini nyumbani, mumiani wasije wakawachukua." Gari geni likipita, tulikimbilia ndani ya mtama tukalala kifudifudi, tukizuia pumzi, mpaka vumbi lake litulie. Wengine walimwita chinjachinja. Tuliambiwa ya kuwa huwakamata watu usiku, huwatoa damu yao yote, na damu ile hukaushwa ikafanywa dawa ya kuuzwa kwa fedha nyingi. Hatukumwona hata siku moja. Lakini fisi, ambaye tulimsikia akilia kila usiku, hatukumwogopa kama yeye.

Sasa tumekuwa watu wazima, na wengine wetu ni walimu, na watoto watuuliza, "Mwalimu, je, mumiani yuko?" Mwalimu akijibu "Hayuko" akanyamaza, mtoto haridhiki, maana amesikia neno jingine kwa bibi yake, na bibi yake si mwongo. Kwa hiyo twaona yafaa kuitafuta asili ya jambo hili, limetoka wapi, na limepita njia gani hata likaingia katika nyumba zetu. Maana hofu nayo ina historia yake, kama wafalme walivyo na historia yao.

Neno lenyewe si la Kibantu, limetoka Uajemi. Katika lugha ya Kiajemi, *mum* maana yake ni nta. Zamani sana, katika nchi ya Fars, karibu na mji wa Darabjird, palikuwa na pango mlimani, na katika mwamba wake kilitoka kitu cheusi kama lami, laini kama nta. Waajemi walikiita mumia, wakakifanya dawa ya kuunga mifupa iliyovunjika na kuponya majeraha. Waandishi wa Kiarabu wa karne ya 10 waeleza ya kuwa pango lile lilikuwa mali ya mfalme, likalindwa na askari, likafunguliwa mara moja tu kila mwaka. Na dawa iliyokusanyika mwaka mzima ilipata ukubwa wa komamanga moja, ikatiwa muhuri mbele ya wakubwa. Basi msomaji na aone: mumiani ya kwanza haikuwa damu, wala haikuwa mtu. Ilikuwa lami ya mlima, na thamani yake ilitokana na uchache wake.

Kitu kikiwa haba na bei yake kubwa, hawakosi kutokea watu wa kutafuta kinachofanana nacho. Kilipatikana Misri. Wamisri wa kale waliwahifadhi maiti wao wasioze, kwa magadi na utomvu wa miti, na katika siku za baadaye hata kwa lami. Desturi hii twaijua, maana tumesoma katika sura ya mwisho ya kitabu cha Mwanzo ya kuwa Yakobo na Yusufu mwanawe walitiwa dawa huko Misri walipokufa. Miaka mingi ilipopita, watu waliofukua makaburi yale waliona ndani ya maiti kitu cheusi kilichoganda, wakasema, "Hii nayo ni mumia." Tabibu mmoja wa Baghdad, jina lake Abd al-Latif, aliyekwenda Misri karibu na mwaka 1200, aliandika ya kuwa watu wa mashamba walikileta kitu hicho mjini wakakiuza kwa bei rahisi, na ya kuwa yeye mwenyewe alinunua vichwa vitatu vilivyojaa kwa nusu dirhamu. Tabibu huyo alijua ya kuwa mumia ya kweli ni ile ya mlimani, na hii ya makaburini yashika mahali pake tu. Lakini wengi hawakujua. Hivyo jina likahama: kwanza lilikuwa jina la lami, kisha likawa jina la kitu kilichomo ndani ya maiti, mwisho likawa jina la maiti mwenyewe.

Hapa twafika penye jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Watu wa Ulaya walikula maiti hizo. Katika karne ya 16 na ya 17 maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti wa Misri, na wagonjwa waliunywa kwa ajili ya kuanguka, na kutoka damu, na maumivu ya tumbo. Yasimuliwa ya kuwa François wa Kwanza, mfalme wa Ufaransa, alikuwa akichukua kidogo safarini, asije akaanguka farasini pasipo dawa. Wanunuzi walipozidi, maiti wa kale hawakutosha. Mwaka 1564 tabibu Mfaransa, Guy de la Fontaine, alifika Iskanderia akamwendea mfanyabiashara mmoja wa maiti. Mtu yule alimfungulia ghala yake, akamwambia pasipo haya ya kuwa maiti wale hawakuwa wa kale hata kidogo; alikuwa amewatengeneza yeye mwenyewe katika miaka michache, baadhi yao wakiwa watumwa, wala hakujali walikufa kwa ugonjwa gani. Habari hii iliandikwa na Ambroise Paré, tabibu wa wafalme wa Ufaransa, katika kitabu alichokitoa mwaka 1582 ili kuwaonya watu waache dawa ile, kwa kuwa haifai kitu.

Hatuandiki haya ili kumtukana mtu. Twayaandika kwa sababu yako watu wasemao ya kuwa habari ya mumiani ni upumbavu wa Mwafrika. Sivyo. Palikuwa na wakati ambapo mwili wa binadamu uliuzwa kweli kuwa dawa, na walionunua walikuwa watu waliosoma.

Habari za dawa hiyo zilienea vilevile upande wa mashariki. Wahindi waliiita *momiai*, na katika karne ya 19 wengi wao waliamini ya kuwa Wazungu huwatundika watu kichwa chini juu ya moto ili kuipata. Tauni ilipoingia Bombay mwaka 1896, serikali ikawachukua wagonjwa kwa nguvu na kuwapeleka hospitali, uvumi ule ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia watu hofu; na mwezi wa Oktoba mwaka ule wafanyakazi wa viwanda vya pamba, wapata elfu moja, waliishambulia hospitali ya Arthur Road.

Nasi watu wa pwani tulikuwa jirani zao kwa njia ya bahari. Pepo za kaskazi zilileta majahazi ya Uajemi, Arabuni na Bara Hindi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, na pamoja na bidhaa zikaja dawa, na pamoja na dawa yakaja maneno yake. Kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1939 yaieleza mumiani kuwa kitu cheusi kama utomvu, kilichopakwa mwilini au kuyeyushwa katika samli na kunywewa kwa ajili ya mifupa iliyovunjika. Tena yasema ya kuwa wengi waliamini kuwa ni damu ya watu waliouawa, na uvumi wake ukitokea mjini watu hawakutoka nyumbani baada ya jua kutua.

Lakini mbegu haioti juu ya jiwe. Kwa nini neno hili liliota mizizi mirefu hivi katika nchi zetu? Twadhani ni kwa sababu udongo wake ulikwisha kulimwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kabla ya hapo, na hata baada yake, watoto waliotumwa kisimani hawakurudi. Waliwaona wageni, kisha hawakuonekana tena. Mama mwenye kupotewa na mwana hakuambiwa amekwenda wapi. Wahenga walisema, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Onyo la bibi, "Rudini nyumbani," lilikuwa onyo la kweli kabla halijawa hadithi.

Kisha zikaja serikali za kikoloni, na kodi, na kazi za lazima, na madaktari wenye sindano. Katika kupigana na malale, madaktari waliwachoma watu tezi za shingo na kuwatoa damu kidogo ili kuitazama kwa darubini. Kazi yao ilikuwa njema, lakini mara nyingi hawakueleza. Na mtu aliyetolewa damu pasipo kuelezwa inakokwenda, atajieleza mwenyewe. Hivyo kila nchi ikamwita mnyonya damu kwa jina lake: katika Tanganyika ni mumiani na chinjachinja, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, ni banyama, katika Kongo ni batumbula, na katika Kenya na Uganda ni wazimamoto, kwa sababu watu waliona magari mekundu, na watu wenye mavazi ya namna moja, wakikaa kituoni mchana na usiku hata kama hapana moto wa kuzima, wakauliza, "Hawa wanangoja nini?"

Laiti jambo hili lingalikomea katika kutisha watoto, tusingalichukua kalamu. Lakini hofu ya utoto hukua pamoja na mtoto, na mtu mzima mwenye hofu ana mikono yenye nguvu. Mwezi wa Juni mwaka 1947 kundi la watu lilishambulia kituo cha wazimamoto Mombasa kwa ajili ya uvumi huu. Mwaka 1959, katika mtaa wa Buguruni, Dar es Salaam, askari wa polisi aliuawa na kundi la watu kwa sababu hiyohiyo. Mtu aweza kusema, "Hayo yalikuwa ya wakoloni, yamekwisha." Hayakwisha. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu uliingia katika wilaya za Mulanje na Phalombe, nchini Malawi. Watu kadhaa waliuawa na wenzao, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake huko.

Na kabla ya hayo, tarehe 1 Oktoba 2016, jambo lilitendeka kwetu Tanzania ambalo hatuwezi kulipita. Katika wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, walifika watafiti wawili wa kilimo pamoja na dereva wao. Walikuja kuchukua udongo ili kuupima, kwa faida ya wakulima. Watu walipowaona wageni wenye gari na vyombo wasivyovijua, ulipigwa ukelele wa mumiani, wote watatu wakauawa, na miili yao ikachomwa moto. Habari zilizoandikwa siku zile zilisema ya kuwa tangazo la kuwa wanyonya damu wameingia kijijini lilitolewa kwa kipaza sauti cha kanisa.

Ndugu, tulisoma maneno yale tukanyamaza kwa muda mrefu. Sisi ambao tulilala katika mtama tukizuia pumzi tulijiuliza, kama tungalikuwapo siku ile, tungalisimama upande gani?

Tuna methali isemayo, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Twaiheshimu hekima ya wazee, lakini katika jambo hili methali hii imekuwa kuni za moto. Lililosemwa halikuwapo, likaja kwa mikono yetu sisi. Na tufikiri: damu haiwezi kukaushwa ikawa dawa ya thamani. Damu apewayo mgonjwa hospitalini hutolewa na watu kwa hiari, hupimwa isiwe na maradhi, huwekwa penye baridi, na baada ya majuma machache huharibika. Tena sharti ipatane na damu ya mgonjwa, kama alivyogundua Karl Landsteiner mwaka 1901. Damu iliyoibwa usiku kichakani haina mnunuzi.

Hatusemi ya kuwa wauaji hawapo duniani. Ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa katika nchi yetu, kwa sababu waganga waliwadanganya watu ya kuwa viungo vyao huleta utajiri. Uongo huo ni ndugu wa ule wa maduka ya Ulaya, ya kuwa mwili wa mwenzako ni dawa. Lakini mwuaji wa kweli hushitakiwa kwa jina lake na kwa ushahidi. Mumiani hana jina wala uso; kwa hiyo kila mgeni aweza kuvikwa uso wake.

Basi tufanyeje? Wazazi, mtoto akikawia njiani tumwambie la kweli: kuna mto, kuna nyoka, kuna magari, kuna watu waovu, hayo yatosha kumrudisha nyumbani. Wenye kazi za serikali na za utafiti waende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, wawaonyeshe watu vyombo vyao, waeleze udongo waenda wapi na damu yaenda wapi. Walimu tusiwacheke bibi zetu, bali tuwasimulie watoto habari ya pango la Uajemi na ghala ya Iskanderia. Na sisi tulio na kengele za kanisa na vipaza sauti, tuwakumbuke watu wa Beroya. Aliyewahubiri alikuwa Paulo mwenyewe, nao walimpokea kwa moyo. Hata hivyo waliyachunguza Maandiko kila siku, waone kama mambo yale ndivyo yalivyo. Kama neno la mtume lilichunguzwa, je, ukelele wa njiani usichunguzwe?

Jioni hii gari geni litapita katika kijiji fulani, na watoto watatazama nyuso zetu wajue kama yapasa kukimbia. Na watuone tukimwendea mgeni, tukimsalimu, na kumwuliza atokako na aendako.