Kipimasukari cha binadamu chaweza kumpotosha mfugaji wa fereti
Fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche anayefugwa majumbani Marekani, akizidi miaka mitatu huweza kupata uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini kupita kiasi na kushusha sukari mwilini. Kwa kawaida sukari yake huwa miligramu 90 hadi 125 katika desilita moja ya damu. Ikishuka chini ya 60, uvimbe huo hushukiwa. Hata hivyo, kipimasukari cha binadamu mara nyingi huonyesha kiwango cha chini kuliko kilivyo, hivyo basi sharti daktari wa mifugo athibitishe kabla ya dawa kutolewa. Fereti akilegea miguu ya nyuma au kudondokwa na mate, mfugaji asingojee kipimo: ampake asali kwenye ufizi, kisha akizinduka amlishe nyama na kumpeleka kwa daktari.