Johnny Carson

Johnny Carson (23 Oktoba 1925 – 23 Januari 2005) alikuwa mchekeshaji na mtangazaji wa televisheni wa Marekani. Alizaliwa Corning, Iowa, akakulia Norfolk, Nebraska, ambako alianza kufanya mazingaombwe akiwa kijana. Kuanzia 1962 hadi 1992 aliongoza The Tonight Show, kipindi cha usiku cha NBC kilichohama New York mwaka 1972 kwenda Burbank, California. Urithi wake mkubwa ni wachekeshaji aliowainua: chipukizi akimaliza vichekesho vyake, kisha Carson akamwita aketi kando yake, milango ya kazi ilimfungukia. Joan Rivers alipata bahati hiyo mwaka 1965. Baada ya kustaafu, Carson alionekana hadharani kwa nadra. Alifariki kwa maradhi ya mapafu.