Bata wa kienyeji, ni mwenyeji wa wapi?

Leo tulijadili hili neno "kienyeji". Tumezoea kulibandika kwenye kila tunachokidharau: ufugaji wa kienyeji, mbegu za kienyeji, bata wa kienyeji. Hebu tumshike huyo bata.

Watazame wanaozurura uani. Wengi wana nyama nyekundu zenye vinundu usoni, dume akiwa karibu mara mbili ya jike. Hawana kelele, dume huhema tu kama pampu ya baiskeli. Halafu kuna wengine, uso umefunikwa na manyoya, jike ana kelele mtaa mzima, na dume ana manyoya machache yaliyojikunja juu ya mkia. Wote tunawaita bata, lakini ni koo mbili tofauti kabisa. Ukiwapandisha, watoto wao hawazai, kama baghala.

Mwaka 1868 Charles Darwin alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko ya wanyama na mimea chini ya mikono ya binadamu. Aliona kwamba bata wa ukoo huu wa pili, awe amesimama wima kama chupa au ana kishungi kichwani, dume wake ana mkunjo uleule wa mkiani kama bata-mwitu wa nchi za kaskazini. Akahitimisha kuwa babu yao ni mmoja. Alipima pia mifupa: wa kufugwa wana mifupa ya mbawa myepesi na ya miguu mizito zaidi kwa uwiano. Wanatembea sana, hawaruki.

Na wale wa vinundu? Wenyeji wa Amerika waliwafuga kabla Columbus hajafika mwaka 1492. Wahispania wakawapeleka Ulaya, baadaye wakaenea hadi Afrika. Waingereza wakawapa jina la Muscovy, yaani Urusi ya zamani, ingawa hawakutoka huko! Tusiwacheke. Sisi nasi tuna bata bukini, na Bukini ni jina letu la zamani la Madagaska.

Kwa hiyo bata wetu "wa kienyeji" ni wageni waliozoea. Hilo haliwapunguzii thamani. Tunaambiwa tuwaache, tufuge Pekin, wale weupe wakubwa. Kweli Pekin hukua haraka, sibishi. Lakini wengi wao si waatamiaji wazuri, hivyo unahitaji mashine na umeme. Wa vinundu hulalia mayai yake siku 35 bila kumdai mtu chochote. Kwa mama mwenye bata watatu tu, hiyo ndiyo faida yenyewe.

Mwaka 2007, huko Interlaken, Uswisi, nchi 109 zilikubaliana mpango wa kulinda mbegu za mifugo, na kuzitambua na kuziorodhesha likawa jambo la kwanza. Basi kabla ya kubadilisha mbegu, tuandike tulichonacho: rangi, uzito, mayai, uatamiaji.

Je, uani kwenu wapo wa ukoo gani?