Kabla ya kununua redio mpya, sogeza spika

WENGI wetu tunaposikia muziki ukikoroma sebuleni, wazo la kwanza ni kwenda dukani kutafuta redio yenye nguvu zaidi. Fedha nyingi hupotea kwa njia hiyo, kwani mara nyingi kasoro haimo katika redio, bali katika chumba na jinsi vyombo vilivyopangwa.

Sauti kubwa si lazima iwe sauti nzuri. Chombo kizuri ni kile kinachomwezesha msikilizaji kulitenga gita la besi na ngoma, na kuyafahamu maneno ya mwimbaji bila kuongeza sauti.

Hatua ya kwanza haina gharama. Spika iliyobanwa kwenye kona hutoa besi nzito inayofunika maneno. Isogeze mbali kidogo na ukuta, kisha usikilize tofauti. Spika mbili na kochi unaloketi zifanye pembetatu yenye pande zinazokaribiana, na spika ziwe usawa wa masikio. Wenye sabufa wasizirundike spika ndogo juu ya boksi kubwa, maana zikikaa pamoja ladha ya stereo hutoweka.

Hatua ya pili ni kukagua nyaya. Waya wa alama nyekundu uingie penye nyekundu, na mweusi penye nyeusi. Spika moja ikigeuzwa, inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi hufifia ingawa hakuna kilichoharibika.

Tatu ni chumba chenyewe. Nyumba nyingi za mijini zina kuta za saruji, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo, vitu ambavyo huirudisha sauti badala ya kuinyonya. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio unaendelea baada ya kofi, hiyo ndiyo kasoro. Zulia, mapazia mazito, makochi ya kitambaa na rafu ya vitabu huipunguza. Trei za mayai ambazo baadhi ya watu hubandika ukutani hazizuii sauti kufika kwa jirani, na zile za karatasi hushika moto kwa urahisi.

Baada ya hapo ndipo msomaji afikirie kununua, na hapo ajihadhari na tarakimu. Maboksi mengi huandikwa maelfu ya wati za PMPO, kipimo kisicho na kanuni inayokubalika. Geuza chombo nyuma usome wati kinazotumia. Kama kinakula wati 60 za umeme, hakiwezi kutoa wati 5,000 za muziki. Kipimo cha kuulizia ni RMS.

Aidha, kuongeza wati mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi kuwa sauti imekuwa kubwa maradufu, huhitajika takriban mara 10 ya nguvu ya awali. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo atafaidika zaidi akibadilisha spika kuliko kununua amplifaya kubwa. Ahakikishe tu kuwa omu za spika hizo si chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye amplifaya, vinginevyo itapata joto na huenda ikaungua.

Muziki wenyewe nao una ubora wake. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 umebanwa kiasi cha mara 11, na kilichotupwa wakati wa kuubana hakirudishwi na spika yoyote, hata iwe ya bei gani.

Hatimaye, tuyakumbuke masikio. Taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na muda huo upunguzwe kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli 3. Spika iliyoungua hununuliwa nyingine; usikivu ulioharibiwa na kelele kwa kawaida haurudi.

Basi mwenye nyumba aanze na alivyo navyo. Jioni moja ya kusogeza spika na kutandika zulia yaweza kumwokolea fedha alizokwisha kuzitenga kwa ajili ya redio mpya.