Wenzetu wa Darasani: Waliobaki na Waliokwenda



Kamati ya mkutano wetu imenitaka niandike khabari za wenzetu tuliosoma nao: wako wapi na wanafanya nini. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nilipoanza kuyahesabu majina niliona kwamba khabari za darasa moja la Unguja haziandikiki bila ya kuigusa khabari ya nchi nzima.

Tuanze na wakubwa zetu. Skuli yetu ya Lumumba, kabla ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ikiitwa King George VI. Walioingia humo walikuwa wachache, tena walitoka Unguja na Pemba, shamba na mjini. Watazameni vijana wawili wa Pemba waliopita katika skuli hiyo, mmoja amezaliwa 1942 na wa pili 1943. Wa kwanza, Dakta Salim Ahmed Salim, mwaka 1964 alikuwa Balozi wetu Misri, na umri wake miaka 22. Baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanzania mwaka 1984 hadi 1985, kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hadi 2001.

Wa pili ni marehemu Maalim Seif Sharif Hamad, aliyemaliza masomo yake ya juu ya sekondari mwaka 1963. Yeye hakwenda ng'ambo wala chuo kikuu wakati ule. Walimu wengi walikuwa wamekwisha ondoka nchini, na tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ilitangaza elimu bila ya malipo. Watoto wakazidi na walimu wakapungua, hivyo aliyemaliza skuli jana alitakiwa asomeshe leo. Maalim Seif alisomesha kwa miaka kadhaa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikiingia mwaka 1972. Ndiyo asili ya lile jina la Maalim alilokwenda nalo kaburini, Februari 2021.

Wengine walikwenda moja kwa moja. Profesa Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa hapa Mjini mwaka 1948, aliondoka akiwa kijana wa miaka 18, akafika Uingereza, na hakupata kurudi hata kutazama watu wake mpaka 1984. Mwaka 2021 dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Sote tulifurahi, lakini tukumbuke kwamba nyuma yake wamo wengi waliokwenda vile vile na ambao hapana aliyewapigia makofi. Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970, nchi ile nayo ilikuwa na haja ya watu waliosoma, na wengi waliosomeshwa hapa walipata kazi Maskati.

Sasa nije kwa darasa letu sisi, tuliomaliza Kidato cha Sita mwaka 2000. Sisi hatukugawiwa na bahari kwanza. Tuligawiwa na siasa. Tangu uchaguzi wa 1995 watu walikuwa wakisusiana harusi, maduka na hata maziko. Yalipotokea ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, watu zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Mmoja wao alikuwa mwenzangu wa dawati moja. Siku zote za skuli tukitembea pamoja mpaka Darajani, na siku nyingi nikila kwao kabla ya kufika kwetu.

Alirudi. Mimi wakati huo nilikuwa Chuo Kikuu, kisha nikaajiriwa Serikalini. Mwaka 2005, wakati wa uchaguzi, baba yake alifariki. Nilipata khabari asubuhi, na msikiti aliosaliwa hauko mbali na ofisi yangu. Sikwenda. Hakuna aliyenikataza; nilijikataza mwenyewe, kwa kuogopa nani ataniona. Mzee yule alinilisha kama mwanawe, nami sikumtilia hata konzi moja ya mchanga.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana, na nchi ikaanza kupumua. Siku chache baadaye nilipita sokoni Darajani kununua samaki, nikakutana naye uso kwa uso. Nilitafuta maneno, nisiyaone. Yeye ndiye aliyetoa salamu. Tulikunywa kahawa, tukaulizana watoto. Nilipomtaka radhi kwa habari ya maziko, aliniambia tu: "Mzee alikuwa akikuulizia." Hakusema zaidi. Mpaka leo sijui kama amenisamehe, ila kila Idi tunatembeleana, na duka lake la vitambaa ndilo ninunualo nguo za wanangu.

Ndugu zangu, Darajani imepata jina lake kwa daraja lililokuwa likivusha watu juu ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yalifukiwa, daraja halipo, na watu wanavuka bila ya kujua kama wanavuka. Wenzetu waliokwenda na waliobaki nao wamekuwa wakilaumiana: huyu aambiwa amekimbia, yule aambiwa amejipendekeza. Nijuavyo mimi, wengi hawakuchagua.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kila darasa limteue mtu mmoja aandike majina yote: walio hai na waliotutoka, walio Maskati, London na Chake Chake, bila ya kuuliza nani alikuwa upande gani. Na ikiwa yuko mwenzako uliyekosa kwenda kumzika mzazi wake, usingoje mkutano. Mwendee kabla hujaulizwa wewe. Wakatabahu.